Maswali ya Wasomaji: Lugha na Ustaarabu wa Wagiriki wa Kale Vilitoka Wapi?

SWALI: Mhariri, barazani kwetu wapo wanaosema kwamba Wagiriki wa kale walichukua lugha, maandishi na ustaarabu wao wote Misri, na wapo wanaoshikilia kwamba hawakufundishwa na mtu yeyote. Tafadhali tueleze ukweli ni upi. – Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, pande zote mbili za baraza lenu zimekosea, na kosa lao ni moja: zimechukua asili ya lugha na asili ya ustaarabu kuwa kitu kimoja. Sisi tunaosema Kiswahili tunapaswa kuwa wa kwanza kuitambua tofauti hiyo, kwani maneno kama sita, saba, kitabu na saa tumeyapokea kwa Waarabu, lakini sarufi yetu imebaki ya Kibantu.

Kigiriki ni cha jamii ya lugha za Kihindi-Kiulaya, pamoja na Kilatini, Kiajemi na Kisanskriti cha India. Baba kwa Kigiriki cha kale ni pater, kwa Kilatini pater, kwa Kisanskriti pitar. Tatu ni treis, tres na trayas. Undugu huo umo pia katika miishio ya nomino na vitenzi, sehemu ya lugha ambayo watu hawaiazimi kwa urahisi. Kimisri cha kale ni cha jamii nyingine, ile ya Kiarabu, Kiebrania na Kihausa, kwa hiyo hakiwezi kuwa mzazi wa Kigiriki. Wataalamu wengi wanakubali kwamba lugha iliyozaa Kigiriki iliingia Ugiriki kutoka kaskazini zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, ikawakuta wenyeji wenye lugha zao. Majina kama Korinthos na Knossos ni mabaki ya lugha hizo, na hata thalassa, yaani bahari, inaelekea kuwa neno la wenyeji. Watu waliokuja kusifika kwa ubaharia walijifunza jina la bahari kwa waliowatangulia.

Ushahidi wa umri wa Kigiriki ulikuwa umelala katika vibao vya udongo. Kuanzia mwaka 1900 Mwingereza Arthur Evans alichimba kasri la Knossos katika kisiwa cha Krete, akafukua mabaki ya ustaarabu uliokuwa na makasri tangu yapata 2000 KK, pamoja na vibao vya miandiko miwili ambayo hakuna aliyeweza kuisoma. Akaiita Linea A na Linea B, na hakukubali kwamba lugha ya miandiko hiyo ingeweza kuwa Kigiriki. Mwaka 1939 Mmarekani Carl Blegen akapata vibao vingine vya Linea B huko Pylos, Ugiriki bara. Mmarekani mwingine, Alice Kober, alionyesha kwa kulinganisha alama moja moja kwamba maneno ya Linea B yalikuwa na miishio inayobadilika. Alifariki mwaka 1950 kabla ya kuona matunda ya kazi hiyo, na ni haki jina lake litajwe kila habari hii inaposimuliwa. Mwaka 1952 msanifu majengo Michael Ventris, ambaye mwenyewe alitarajia kukuta lugha yenye undugu na Kietruski, lugha ya kale ya Italia, alitangaza kwamba lugha ya Linea B ni Kigiriki.

Wengi walisita. Mwaka uliofuata Blegen alijaribu usomaji wa Ventris juu ya kibao cha Pylos kilichokuwa na picha za vyombo. Kando ya chungu cha miguu mitatu palisomeka ti-ri-po, ambalo kwa Kigiriki ni tripous, "miguu mitatu". Kando ya chombo chenye vishikio vinne palisomeka qe-to-ro-we, "cha masikio manne", na kando ya kile kisicho na kishikio, a-no-we, "kisicho na masikio". Baada ya hapo upinzani ulipungua sana. Msomaji wa Kiswahili ataona jambo la kumpendeza humo: karibu kila alama ya sauti ya Linea B ni silabi inayoishia kwa irabu, ndiyo maana Knossos imeandikwa ko-no-so na Amnisos a-mi-ni-so, karibu sawa na ulimi wetu unavyolainisha neno la kigeni.

Vibao hivyo havikuchomwa tanuruni. Moto ulioteketeza makasri ndio uliovikausha na kuvihifadhi. Ndani yake mna hesabu za kondoo, mafuta na magari ya vita, na majina ya miungu Zeus na Poseidon. Basi katika karne ya 14 na ya 13 KK palikuwa na Wagiriki wanaoandika lugha yao kwa alama zilizotokana na mwandiko wa Wakrete, ambao lugha yao ya Linea A haijafumbuliwa hadi leo.

Katika ustaarabu, hata hivyo, Wagiriki walipokea mengi. Jahazi lililozama Uluburun, pwani ya Uturuki, mwishoni mwa karne ya 14 KK, ambalo yaelekea lilikuwa safarini kwenda Ugiriki, lilikuwa na takriban tani 10 za shaba, tani moja ya bati, na magogo ya mpingo kutoka Afrika. Sanamu za kwanza kubwa za mawe za vijana wa Kigiriki, zilizosimama mguu wa kushoto ukiwa mbele na mikono imenyooshwa ubavuni, zinafuata mfano wa Misri. Mafunjo ya kuandikia yalitoka Misri pia. Wagiriki waliyaita khartes, Waarabu wakasema qirtas, na sisi tukapata karatasi.

Herufi walizipata kwa Wafoinike, watu wa pwani ya Lebanoni ya leo, si Misri, yapata karne ya 8 KK, baada ya makasri kuanguka na Linea B kusahauliwa. Alefu ya Wafoinike ni alifu yetu ya chuoni, na beti yao ilimaanisha nyumba, sawa na bayt ya Kiarabu iliyotupa beti ya shairi. Wafoinike waliandika konsonanti tu. Wagiriki walichukua alama za sauti wasizokuwa nazo wakazifanya irabu, na hilo ndilo jambo lao kubwa. Herodotus, Mgiriki wa karne ya 5 KK, alikiri kwamba herufi ni za Wafoinike, na hapo alisema kweli. Aliposema kwamba majina ya karibu miungu yote yalitoka Misri alikosea, kwani jina Zeus ni ndugu wa Dyaus, jina la mungu wa anga kwa Kisanskriti.

SWALI: Kwa nini Biblia husema Wayunani na vitabu vya shule husema Wagiriki? – Msomaji, Bukoba

JIBU: Yunani limepitia Kiarabu kutoka Ionia, jina la Wagiriki wa pwani ya Uturuki ya leo, ambao Waajemi waliwaita Yauna. Wagiriki latokana na Graeci, jina walilopewa na Warumi. Wenyewe walijiita Hellenes, na nchi yao Hellas.