Nimenenepa tumbo tangu nibadilishiwe dawa. Ninywe nusu kidonge?

Swali: Assalamu alaykum. Mimi ni mwanamke wa miaka 41, naishi Wete. Nilikuwa natumia dawa ya VVU yenye efavirenz, kliniki wakanihamishia kidonge kingine cha VVU, TLD. Huu mwaka na nusu nimetoka kilo 61 hadi 70, na tumbo limetoka. Urefu wangu ni sentimita 158. Je, nikinywa nusu kidonge nitapungua?

Jibu: Waalaykumu ssalam, dada. Nusu kidonge usinywe, na dawa usiache. Ukiacha, virusi hurudi kwenye damu ndani ya wiki chache. Ukipunguza, dawa inakuwa haba mwilini na virusi hupata nafasi ya kujenga usugu.

Dawa ina mchango wake, hilo ni kweli. Efavirenz huzuia uzito wa baadhi ya watu usipande, hasa wale ambao miili yao huichuja polepole. Ikiondolewa, kilo zilizozuiliwa huja. Dolutegravir iliyomo ndani ya TLD nayo imeonekana kuambatana na kunenepa, zaidi kwa wanawake. Kama unachoma sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, itaje pia kliniki, maana nayo hunenepesha.

Jitazame kwenye kioo. Mashavu yamebonyea, makalio yameisha, mishipa ya mikono imetokeza? Hiyo ni hali nyengine, iliyoletwa zaidi na stavudine na zidovudine, dawa za zamani za VVU. Hapo daktari ataangalia dawa ulizowahi kutumia. Mafuta yaliyopotea namna hiyo hurudi polepole mno, mara nyingi si yote.

Kama umenenepa mwili mzima, pima kiuno. Simama, toa pumzi, zungusha futi ya fundi cherehani katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, bila kuibana. Kwa mwanamke, sentimita 80 kwenda juu ni dalili ya mafuta yaliyozunguka viungo vya ndani, ambayo ndiyo ya hatari kwa moyo na sukari. Kwa urefu wako, kilo 70 ni uwiano wa uzito na urefu (BMI) wa 28. Uzito wa kawaida huishia chini ya 25. Omba upimwe presha, sukari ya kufunga na mafuta ya damu.

Anza na chai. Vikombe vitatu kwa siku, vijiko vitatu kila kimoja, ni zaidi ya gramu 35 za sukari. Tui zito liwe la siku moja moja, muhogo uchemshwe badala ya kukaangwa, samaki usimpunguze. Tembea kwa kasi dakika 30, siku tano kwa wiki.

Chai za kupunguza unene ziache kabisa: nyingi huharisha, na kukaukiwa maji huzidisha mzigo wa figo kwa anayetumia tenofovir, ambayo nayo imo ndani ya TLD. Na ukikutwa na sukari ukapewa metformin, mwambie anayekuandikia kwamba unatumia dolutegravir, kwani huipandisha metformin kwenye damu; kwa kawaida haizidi miligramu 1,000 kwa siku.