Betri Ni Mpya, Gari Haliwaki: Maswali na Majibu

Nimenunua betri mwezi uliopita, lakini asubuhi za baridi gari hulia "ta" mara moja na kunyamaza, ingawa taa zinawaka vizuri. Je, nimeuziwa betri mbovu? (Njombe)

Yawezekana betri haina kosa lolote. Taa za mbele hutumia takriban ampea 10, ilhali stata ya gari dogo huvuta ampea 100 hadi 200, na mzigo huo huongezeka asubuhi za Juni na Julai, wakati oili inapokuwa nzito kwa baridi. Terminali (kile kishikio cha waya kinachokaba nguzo ya betri) iliyolegea, yenye ukinzani, yaani kizuizi cha umeme, wa omu 0.01 tu, hupoteza volti 0.1 taa zikiwaka, jambo ambalo jicho haliwezi kuliona. Stata ikivuta ampea 150, hapo hapo zinapotea volti 1.5.

Chukua mita, uiweke kwenye volti za betri, kisha mwombe mtu azungushe ufunguo wakati umegusisha ncha moja kwenye nguzo yenyewe ya risasi na nyingine kwenye terminali inayoikaba. Mita inapaswa kusoma karibu na sifuri. Halafu pima kutoka nguzo chanya hadi bolti ya stata, na kutoka nguzo hasi hadi kwenye chuma cha injini: ukipata zaidi ya volti 0.5 upande wa kwanza, au zaidi ya 0.3 upande wa pili, tatizo liko kwenye waya au maungio yake. Fundi anayepima gari likiwa limezimwa, akasoma 12.6 na kutangaza kwamba kila kitu ni kizima, amepima betri tu. Nyaya bado hajazigusa.

Terminali zangu hufunikwa na unga wa kijani na mweupe. Huwa ninazimwagia maji ya moto. Inatosha? (Tukuyu)

Haitoshi, kwa sababu maji huondoa unga unaoonekana na kuuacha ule uliojificha kati ya nguzo na terminali, ambao ndio unaozuia umeme. Unga huo hutokana na asidi inayovuja na kula chuma. Fungua terminali zote mbili, hakikisha vifuniko vya betri vimekazwa, kisha mwagia magadi ya kupikia maharage yaliyoyeyushwa katika maji ya vuguvugu mpaka povu likome. Suuza, kausha, piga msasa hadi risasi ing'ae, kaza, na ndipo upake grisi kwa nje. Terminali isiyozunguka kwa nguvu ya mkono imekaza vya kutosha. Nyundo haihitajiki, maana hupasua nguzo.

Tangu giaboksi iteremshwe, kebo ya klachi hupata moto kila ninapopiga stata. (Uyole)

Waya wa ethi unaounganisha injini na bodi haukurudishwa, au ulifungwa juu ya rangi na kutu. Umeme wa stata umejitafutia njia kupitia kebo hiyo, nayo haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Usiendelee kupiga stata kabla ya kuurudisha.

Kwa nini mafundi husema tuanze kufungua hasi? (Mafinga)

Bodi nzima ya gari imeunganishwa na hasi, kwa hiyo ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, umeme wote wa betri utapita kwenye spana uliyoishika. Wakati wa kufunga, hasi iwe ya mwisho.