Barua kwa mwanangu: AMD itafika wapi?

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Hapa Nyakato hatujambo. Umeuliza kama AMD, kampuni ya chipu za kompyuta, itaibwaga mshindani wake Intel, itaiweza Nvidia ya chipu za akili mnemba, na kama akiba yako yote uinunulie hisa zake. Ukimuuliza fundi wa laptopu swali kama hilo ujue atakuchosha, umeyataka mwenyewe.

Wiki hii alikuja dukani mwalimu wa Ukerewe, ana haraka ya kuwahi meli ya Nansio. Nikamtolea mashine ya mtumba yenye Ryzen, yaani prosesa (ubongo wa kompyuta) ya AMD, betri safi, haina hata mkwaruzo. Akaigeuza, akasoma stika, akairudisha mezani: "Mama, mimi nataka Core i5." Hiyo ni ya Intel. Bei ni ileile, tena ya Ryzen ilikuwa mpya zaidi, lakini alishaambiwa kwamba AMD zinachemka. Maneno hayo hayakuanzia hewani. Prosesa za Bulldozer zilizotoka 2011 zilikula umeme na kutoa joto, kazi yenyewe kidogo. Zimeshapitwa na wakati, jina baya limebaki.

Lakini usipime kampuni kwa duka langu. Mitumba inayotufikia ilinunuliwa na maofisi ya nje miaka kadhaa iliyopita, kwa hiyo sisi tunaliona soko la zamani. Kwenye seva, zile kompyuta kubwa za kuhudumia mitandao, mambo ni mengine: 2017 AMD ilikuwa karibu na sifuri, leo imeshavuka moja ya tano ya soko, na sehemu kubwa imeinyang'anya Intel. Lisa Su alipokabidhiwa kampuni mwaka 2014, hisa moja ilikuwa chini ya dola 4. Kufika 2022, AMD ikawa na thamani kubwa kuliko Intel sokoni. Mama yule namheshimu.

Kilichoiangusha Intel ni kiwanda. Teknolojia yake mpya ya kutengeneza chipu, ya nanomita 10, ilitarajiwa 2016 hivi, ikaja kuzalishwa kwa wingi 2019. AMD ilishajitoa kwenye viwanda tangu 2009. Inachora tu, TSMC ya Taiwan inatengeneza. Intel ilipokwama, AMD ikapita mlango wa TSMC. Basi nguvu ya AMD na hofu yake ziko mahali pamoja: Taiwan ikipata msukosuko, AMD haina kwa kukimbilia kwa haraka. Intel inavyo viwanda vyake, hata kama 2024 ilipata hasara ya karibu dola bilioni 19. Agosti 2025 serikali ya Marekani ikachukua takriban asilimia 10 ya hisa zake. Mimi siamini wataiacha ife, kwa hiyo usiweke hela yako ukisubiri mazishi ya Intel.

Nvidia ndiyo mfupa. Chipu za AMD za akili mnemba si mbaya, ila waandishi wa programu wamezoea CUDA, mfumo wa kuandikia programu za chipu za Nvidia, ambao Nvidia waliutangaza 2006. Mtu aliyejenga kazi yake yote humo hahami kwa sababu ya punguzo la bei. Yule mwalimu wangu na stika yake, ndiyo hao hao, ila hawa wana mabilioni.

Na kuna jambo linanikera. Oktoba 2025 AMD ilitangaza mkataba mkubwa wa chipu na OpenAI, wenye ChatGPT, hisa zikaruka siku hiyohiyo. Soma vizuri masharti: OpenAI wamepewa haki ya kununua hadi hisa milioni 160 za AMD, kwa senti moja moja, kadiri wanavyotimiza malengo ya kununua chipu. Nami nikimpa mteja sehemu ya duka ili aninunulie mashine, majirani watanicheka. Huenda ikalipa, maana kuuza kwa OpenAI kunawavuta wengine. Lakini usiihesabu kama biashara ya kawaida.

Kwa hiyo jibu langu: AMD itaendelea kuila Intel kwenye seva, na kwa Nvidia itabaki ya pili kwa muda mrefu. Nafasi ya pili katika soko kubwa hivyo si haba, ila bei ya hisa ya sasa tayari imebeba matumaini mengi. Ukitaka, nunua kidogo, kwa hela usiyoihitaji karibuni. Kiwanja cha Buswelu bado tunadaiwa, hicho kwanza.

Na uniulizie bei ya RAM huko Kariakoo, hapa Mwanza wanatuchuna.

Mama yako