Jibu: Bibi hatoki tena, tumwache apumzike?

Waalaikum salaam, ndugu yangu. Umesema bibi ana miaka 78, hafiki tena mtaa wa Langoni kwa miguu, na nyumbani wanamkataza kutembea asije akaanguka. Msimkalishe. Nimemuuguza mama hapa Lamu, na kukaa ndiko kulikommaliza nguvu.

Kwanza apimwe presha akiwa amekaa, kisha akiwa amesimama. Muulize kama kifua humbana au husikia kizunguzungu. Hayo ayaone daktari kabla ya zoezi lolote. Akiruhusiwa, mtembeze ufukweni baada ya alasiri, palipo tambarare, mkiongeza polepole. Vichochoro vya punda viacheni kwanza. Na msisahau mapaja: ainuke kitini na kukaa tena mara kadhaa, mtu akiwa karibu. Mama ngazi za nyumba alizirudia kwa zoezi hilo.

Marekani walifuatilia wazee 1,635 wa miaka 70 hadi 89, matokeo yakatoka 2014. Waliofanya mazoezi, asilimia 30.1 walishindwa kutembea mita 400 wakati fulani. Waliofundishwa afya tu, 35.5. Tofauti si kubwa sana, lakini mimi ningeichukua.

Daktari akisema goti ndilo tatizo, rudi hapa utueleze, maana mpango utabadilika.