Mkono wa mtoto wa moyo ukilegea ghafla, usingoje kliniki

Usingoje kliniki ya Jumatatu! Mtoto wa miaka minne, ana tundu kwenye moyo na midomo ya bluu, anaharisha tangu juzi, leo kaamka mkono wa kulia umelegea na mdomo umekwenda upande, halafu unauliza umchue kwa mafuta gani na arudi lini shule? Hizo ni dalili za kiharusi, mpeleke hospitali sasa hivi. Haya mengine soma mkiwa njiani.

Aliyekwambia "amelalia mkono" amekupotosha. Nasi tuliambiwa hivyo hivyo, usiku mzima ukapotea, na hasira yangu haijaisha. Kiharusi si cha wazee peke yao, na ugonjwa wa moyo ni miongoni mwa sababu zake kubwa kwa watoto. Kwa kawaida bonge dogo la damu linalotoka kwenye mishipa ya mwili hunaswa na mapafu. Mtoto wa bluu damu yake huvuka kupitia tundu kutoka upande wa kulia wa moyo kwenda wa kushoto, kwa hiyo bonge halipiti mapafuni, linaweza kupanda hadi kwenye ubongo. Tena damu yake ni nzito, maana mwili hutengeneza chembe nyekundu nyingi kufidia oksijeni iliyopungua. Akiharisha inazidi kuwa nzito. Akikosa madini ya chuma hatari hupanda pia, hata kama kipimo cha wingi wa damu kinapendeza.

Andika saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho. Kama aliamka hivyo, ni saa aliyolala, siyo saa mliyogundua. Asile, asinywe, asimeze dawa mpaka wapime kama anameza vizuri. Aspirini usiguse: huenda damu imevuja ndani ya ubongo, na kwa macho huwezi kujua. Akipata degedege mlaze ubavu. Beba majibu ya eko (kipimo cha picha ya moyo) na dawa zake zote.

Wakisema ni uchovu wa degedege, kweli mkono huweza kulegea hivyo, lakini kwa mtoto wa moyo hilo lisemwe baada ya picha ya ubongo. CT (picha ya ubongo ya eksirei) ya mapema inaweza kutoka safi na kiharusi kipo, ulizia MRI, picha ya sumaku inayoonyesha zaidi. Na wakiweka dripu, wakumbushe habari ya tundu: viputo vya hewa kwenye mpira vitolewe vyote, maana hupita njia ile ile ya bonge.