Redio koli za walinzi: chaneli iliyo kimya ni ya nani?

SWALI: Mimi ni katibu wa kamati ya usalama katika mtaa mmoja wa Donholm. Tulichanga pesa tukanunua redio koli sita za Baofeng UV-5R kule Luthuli Avenue, ili walinzi wa geti na wa doria wawasiliane. Muuzaji alituambia tutafute chaneli iliyo kimya tuishike. Kijana wetu mmoja alisikiliza kwa siku kadhaa, akapata moja kwenye megahezi 150 na kitu ambayo haikuwa na mtu. Juzi usiku sauti tusiyoijua ikaingia kwa hasira ikituamuru tutoke. Je, tulivunja sheria? Na mmoja wetu akichukua leseni ya redio ya ridhaa, ile ya wapenzi wa redio, itatutosha sote?

JIBU: Dada katibu, la sheria ni fupi. Ndiyo, mmevunja. Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya ya 1998 inataka leseni kabla ya mtu kutumia kituo cha redio, na redio koli ya mkononi ni kituo cha redio. Anayetoa leseni na kugawa masafa ni Mamlaka ya Mawasiliano, ambayo ofisi zake kuu ziko Waiyaki Way. Adhabu ni faini au kifungo, na vifaa vinaweza kutwaliwa. Vifaa vya nguvu ndogo sana, kama rimoti ya geti au Wi-Fi ya nyumbani, vimeruhusiwa bila leseni ya mtu mmoja mmoja, lakini kwa masafa na nguvu zilizowekewa mpaka. Redio yenu hutoa wati 4 hadi 5, tena kwa masafa yoyote mtu atakayoyachagua. Haimo katika kundi hilo.

Risiti ya dukani haibadilishi chochote. Ni ushahidi kwamba mlinunua kifaa, basi. Muuzaji hana masafa ya kumpa mtu.

Jambo ninalotaka mlielewe vizuri ni lile la kimya, maana ndilo linalowaponza watu wema wengi katika jiji hili. Kijana wenu alifanya kazi yake kwa uangalifu. Alisikiliza, hakusikia mtu, akaona hakuna anayedhurika. Tatizo ni kwamba masikio ya redio iliyoko chini, katikati ya magorofa, hayatoshi kujua kama masafa yana mwenyewe.

Mitandao mingi ya redio hutumia masafa mawili. Redio ya mkononi husemea ya kwanza. Ripita iliyo juu ya kilima au jengo refu huipokea sauti hiyo na kuirusha upya kwa masafa ya pili, kwa nguvu zaidi, na redio zote za mtandao husikiliza hayo ya pili. Sasa wewe uliye Donholm ukisikiliza ya kwanza, unaweza kukaa kutwa nzima bila kusikia neno. Wanaoyatumia wako Kikuyu, wako Rongai, wana redio ndogo, na magorofa yamewaficha usiwasikie. Ripita iko juu. Inawasikia wao, na ninyi inawasikia vilevile. Mlinzi wenu anapobonyeza kitufe kuuliza kama lori la maji limefika, wimbi lake linafika huko juu likiwa na nguvu, na kipokezi cha FM kina tabia ya kushika wimbi lenye nguvu na kulimeza lililo dhaifu. Aliyekuwa akiita kutoka Rongai hasikiki tena. Hata ripita ikiwa imefungwa kwa toni, alama ya sauti ninayoieleza hapa chini, na sauti yenu haitoki upande wa pili, bado mmemfunika. Pengine yule aliyewafokea alikuwa amehangaika kwa wiki nzima akijiuliza kwa nini watu wake wanakatikakatika.

Toni nazo zina mtego wake. Hizi ni sauti nzito, kati ya hezi 67 na 254.1, ambazo redio huchanganya na maneno bila msikilizaji kuzisikia. Redio iliyowekewa toni ya kupokea hunyamazisha kila sauti isiyo na toni hiyo. Mafundi wengi huziweka dukani ili mteja asisumbuliwe na kelele. Matokeo yake, chaneli yenye watu tele huonekana tupu. Mwulize kijana wenu kama alizima toni kabla ya kusikiliza. Mara nyingi hakuna anayekumbuka kufanya hivyo.

Halafu kuna masafa ambayo kimya ndiyo kazi yake. UV-5R inafika megahezi 136 hadi 174, na 400 hadi 520 kwa matoleo mengi. Ndani ya upana huo kuna 406, ambako vifaa vya kuomba msaada vya ndege na meli hupeleka ishara kwa setilaiti za Cospas-Sarsat, mfumo wa kimataifa wa uokoaji. Kuna 156.8, chaneli 16 ya mabaharia, ya kuitana na ya dharura. Kuna ukingo wa masafa ya ndege, yanayoishia 137. Ninyi mna majirani wawili, viwanja vya ndege vya Wilson na Jomo Kenyatta, na ndege iliyo mita 3,000 juu ya ardhi inaweza kupokea wimbi kutoka zaidi ya kilomita 200. Masafa ya dharura huachwa matupu ili siku yakihitajika yawe wazi, kama njia ya ambulensi.

Wapo watakaokwambia kwamba mwenye nia njema haadhibiwi. Mwaka 2021, msitu ulipokuwa ukiungua huko Idaho, Marekani, mtu mmoja mwenye leseni halali ya redio ya ridhaa aliingia kwenye masafa ya wazima moto kuwapa habari alizoona zingewasaidia. Mwaka uliofuata, tume ya mawasiliano ya nchi hiyo ilipendekeza atozwe faini ya dola 34,000. Alikuwa na leseni, lakini haikuwa ya masafa yale.

Hapo ndipo swali lako la pili linapojibika. Redio ya ridhaa ni ya mtu binafsi anayependa ufundi wa redio, bila faida ya pesa. Ndivyo kanuni za kimataifa zinavyoieleza. Wenye leseni hiyo hapa kwetu huanza jina lao la hewani kwa 5Z4, na katika VHF, kundi la masafa ambamo 150 yenu imo, nafasi yao ni megahezi 144 hadi 146. Haiwafuniki walinzi wanaolipwa, haigawanywi kwa watu sita, na haifungui 150 na kitu. Mwenye hamu nayo aichukue kwa moyo wote, ni shule nzuri. Kwa kazi yenu haifai.

Fanyeni hivi. Leo toeni betri kwenye redio zote sita. Kisha andikieni Mamlaka kuomba leseni ya mtandao binafsi, mkitaja idadi ya redio, aina yake, eneo, nguvu mnayohitaji na urefu wa antena kama mtaweka ya geti. Ulizeni pia kama aina hiyo ya redio imeidhinishwa kutumika nchini, maana kuna vifaa vinavyouzwa wazi ambavyo havijaidhinishwa. Kama gharama itawashinda, kuna redio za kubonyeza na kusema zinazotumia laini ya simu, na kwa mtaa mmoja mimi ningeanza na hizo. Mtandao ukianguka zinanyamaza, hilo mlijue, lakini hazimfuniki mtu.

Mkipata masafa yenu, mafundi wayafunge kwenye redio ili mlinzi asiweze kuzungusha namba. Wekeni kikomo cha sekunde 60 cha kuongea mfululizo, kwa sababu redio iliyokaliwa kitini, kitufe kikiwa kimebanwa, inaweza kuziba chaneli usiku kucha. Zimeni ile hali ya redio kuanza kurusha yenyewe inaposikia sauti. Wafundisheni walinzi kusikiliza kwanza, kubonyeza, kungoja kidogo ndipo waseme, wataje kituo chao na kumaliza haraka. Na wasitaje hewani kwamba nyumba fulani wamesafiri. Redio hizi hazina siri yoyote, na mwizi ana uwezo wa kununua ileile mliyonunua Luthuli.

Siku sauti ngeni ikiingia kwenye chaneli yenu halali, msijibizane nayo. Andikeni saa na maneno, mpeleke malalamiko kwa Mamlaka. Mkiangukia mazungumzo ya polisi au ya hospitali, ondokeni, na yaliyosikika yasirekodiwe wala kurushwa WhatsApp. Kanuni za kimataifa zinataka kila nchi ikataze kunasa na kutangaza mawasiliano yasiyo ya umma.

Kuhusu dharura, kanuni hizo hazimzuii aliye hatarini kutumia njia yoyote aliyo nayo kuita msaada. Ni mlango wa anayezama, si sababu ya kuweka redio isiyo na leseni kabatini. Hapo Donholm simu ya 999 au 112 itawafikia watu wanaohusika mapema zaidi kuliko chaneli ambayo hamjui nani anaisikiliza.

Na yule aliyewafokea, kama alijitambulisha, mpigieni mumwambie mmezima. Mwulizeni pia ni tangu lini alikuwa akiwasikia, maana hapo mtajua wimbi lenu lilikuwa likifika wapi, na habari hiyo mtaihitaji mkijaza fomu.