Jibu: Nianzie wapi kuhudumia pikipiki mwenyewe?
Ndugu, umeuliza uanzie wapi ili usikimbilie fundi kila wiki. Mimi ningeanza na cheni, maana vumbi la huku Mamboleo linaila vibaya. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, injini ikiwa imezimwa (nimeshaona kidole kikienda na cheni), kisha sukuma cheni juu na chini pale katikati: pikipiki nyingi ndogo hutaka ilegee milimita 20 hadi 30. Zungusha gurudumu la nyuma upime pale inapokaza zaidi. Kuikaza, legeza nati ya ekseli (chuma kinachopita katikati ya gurudumu hilo) kwanza, halafu zungusha skrubu za pande zote mbili sawasawa. Alama zilizo karibu na skrubu hizo zisipolingana, gurudumu litakaa upande. Kubadilisha oili ni rahisi, imwage ya zamani injini ikiwa na joto kidogo. Kabureta (inayochanganya petroli na hewa) mwachie fundi kwanza.